Kocha hapimwi kwa usiku mmoja

Leo nataka tuketi tuzungumze juu ya kazi ambayo kila shabiki hujiona bingwa wake, nayo ni kumhukumu kocha. Timu ikishinda, sote tulijua itashinda. Ikishindwa, kila abiria kwenye matatu ana orodha ya makosa ya mkufunzi, na yule aliyekosa nafasi katika timu ya shule ndiye wa kwanza kudai kocha afukuzwe.

Basi nitakuuliza swali moja, nawe ulijibu moyoni kabla hujaendelea kusoma. Timu ya chuo kikuu imecheza mechi 33. Imeshinda 31 na kushindwa mbili tu. Imetwaa ubingwa wa ligi yake, ikanyakua na kombe la ligi hiyo. Halafu inaingia katika mashindano ya taifa, na katika mechi ya kwanza kabisa inachapwa kwa tofauti ya pointi 20 na timu ambayo hakuna aliyeidhania. Je, kocha wa timu hiyo ni hodari au ni bure?

Usidhani kisa hiki nimekitunga. Ni kisa cha Chuo Kikuu cha Virginia nchini Marekani, mwaka 2018, na kocha mwenyewe ni Tony Bennett. Nimekichagua kwa sababu hakuna mashindano ya vyuo duniani yanayowapandisha na kuwashusha makocha kama yale ya mpira wa vikapu ya Marekani, ambayo huchezwa kila Machi na ambayo wenyeji huyaita wazimu wa Machi. Ukielewa jinsi watu wanavyohukumiwa kule, utaanza kuona makosa tunayoyafanya huku nyumbani tunapoketi kando ya uwanja wa shule au chuo.

ALAMA ZA MPINZANI

Mashindano hayo yalianza mwaka 1939 kwa timu nane tu, na Chuo Kikuu cha Oregon kikawa bingwa wa kwanza. Mwaka 1985 timu zilifika 64, na mwaka 2011 zikafika 68. Ni mtoano mtupu. Ukishindwa mara moja, unafunga virago na kurudi nyumbani. Hakuna marudiano wala mechi ya ugenini na ya nyumbani kama tulivyozoea katika kandanda.

Sasa, Marekani ina zaidi ya vyuo 300 katika daraja la juu la mchezo huo. Nani huamua ni timu zipi zitakazoingia? Mwaka 2018, kwa mfano, timu 32 ziliingia moja kwa moja kwa kuwa mabingwa wa ligi zao. Zile nyingine 36 zilichaguliwa na jopo la wakuu wa michezo wa vyuo na wasimamizi wa ligi. Jopo hilo hujifungia ndani kwa siku kadhaa, na mjumbe anapofika zamu ya chuo chake kujadiliwa, sharti atoke nje ya chumba. Waliofahamu kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake waliona heri kumwondoa mwamba ngoma mwenyewe.

Kwa miaka mingi, tangu 1981 hadi 2018, jopo hilo lilitumia hesabu moja ambayo nataka kila mzazi na mwanafunzi aitafakari. Alama za timu ziligawanywa hivi: robo ilitokana na mechi ambazo timu yenyewe ilishinda, nusu ikatokana na ushindi wa wapinzani wake, na robo iliyobaki ikatokana na ushindi wa wapinzani wa wapinzani hao. Umeona hilo? Robo tatu ya alama zako hazikutoka kwako. Zilitoka kwa hao uliokubali kupambana nao.

Maana yake ni kwamba timu iliyoshinda mechi 28 dhidi ya vibonde ingeweza kuachwa nje, na iliyoshinda 20 dhidi ya majabali ikaingia. Kuanzia msimu wa 2018 na 2019 hesabu hiyo iliwekwa kando, ikaletwa nyingine yenye mambo mengi zaidi, lakini wazo halikubadilika. Katika mpango huo mpya, ushindi wa daraja la kwanza ni kumshinda mpinzani aliye kati ya 30 bora ukiwa nyumbani kwako. Katika uwanja usio wa yeyote kati yenu, inatosha awe kati ya 50 bora. Na ukimshinda kwake, hata akiwa wa 75, ushindi huo una uzito uleule.

Sisi tuna methali isemayo mcheza kwao hutunzwa. Wale wazee wa jopo nao wanasema, naam, mcheza kwao hutunzwa, na ndiyo sababu ushindi wake wa nyumbani tutaupunguzia thamani kidogo. Anayeshinda mbele ya mashabiki wanaomzomea ndiye tutakayemtunza zaidi.

Hebu jiulize: mara ngapi tumemsifu mkufunzi kwa rekodi safi bila kuuliza alicheza na nani na wapi? Na mara ngapi tumemcheka yule mwalimu wa michezo anayewapeleka vijana wake kupambana na shule kubwa kila mwaka wakichapwa, ilhali kila mwaka wanachapwa kwa tofauti ndogo zaidi?

USIKU WA MACHI 16

Baada ya kuchagua, jopo huzipanga timu katika makundi manne na kuzipa nambari, 1 hadi 16. Nambari 1 hucheza na nambari 16, yaani aliye juu kabisa na aliye chini kabisa. Tangu utaratibu huo wa timu 64 uanze mwaka 1985, nambari 1 ilikuwa imekutana na nambari 16 mara 135, na mara zote 135 nambari 1 ilishinda. Watu walikuwa wamekwisha kuichukua mechi hiyo kama mazoezi.

Machi 16, 2018, Virginia, iliyopangwa ya kwanza katika mashindano yote, ilikutana na chuo cha UMBC kutoka jimbo la Maryland. Kufikia mapumziko walikuwa sare, 21 kwa 21. Kipindi cha pili UMBC ikafunga pointi 53. Mechi ikamalizika 74 kwa 54. Mara ya 136, mlima ulikuwa umeporomoka.

Unaweza kufikiri maneno aliyotupiwa Bennett. Alichekwa kote nchini, na walisema mchezo wake wa kujihami na wa polepole haufai mashindano makubwa. Wachache walikumbuka kwamba De'Andre Hunter, mmoja wa wachezaji wake bora, hakuwepo kwa kuwa alikuwa amevunjika kiungo cha mkono siku chache kabla. Kisha likatokea jambo la ajabu kidogo. Karibu wiki mbili baada ya aibu hiyo, Bennett alitangazwa kuwa kocha bora wa mwaka na shirika la habari la Associated Press! Waandishi walikuwa wamepiga kura zao kabla ya mashindano kuanza. Kwa hivyo mwezi uleule mmoja, mtu yuleyule, alikuwa kocha bora na kocha aliyeaibika kuliko wote katika historia ya mashindano hayo.

Ngoja, hatujafika mwisho. Mwaka uliofuata, 2019, Virginia ilirudi tena kama nambari 1, na tena ikapewa nambari 16 katika mechi ya kwanza, chuo cha Gardner-Webb. Amini usiamini, ilikuwa nyuma kwa pointi 14 katika kipindi cha kwanza. Vijana wakajikaza, wakashinda. Katika robo fainali dhidi ya Purdue walikuwa nyuma kwa pointi mbili, sekunde zimekwisha kabisa, ndipo mpira ukamfikia Mamadi Diakite, kijana kutoka Guinea, Afrika Magharibi, akautupa na ukaingia huku kengele ikilia. Wakashinda katika muda wa ziada, 80 kwa 75. Katika nusu fainali dhidi ya Auburn walikuwa nyuma tena kwa pointi mbili, imebaki chini ya sekunde moja, Kyle Guy akachezewa vibaya alipokuwa akitupa kutoka mbali. Akapewa mitupo mitatu, akaitia yote. Wakashinda 63 kwa 62. Fainali nayo ikaenda muda wa ziada, Hunter akafunga pointi 27, na Virginia ikaichapa Texas Tech 85 kwa 77. Mabingwa wa taifa!

Sasa nirudie swali langu la mwanzo, msomaji. Kocha alikuwa yuleyule. Mchezo wake ulikuwa uleule wa kujihami na wa polepole. Kama mpira wa Diakite ungegonga chuma na kuruka nje, Bennett angekwenda nyumbani mara ya pili kichwa chini, na tungesema tulijua tangu mwaka jana. Mpira uliingia, tukamwita mwalimu wa walimu. Je, ni haki kwamba jina la mtu litegemee unene wa chuma cha kikapu?

MIAKA YA KUNGOJA

Kuna wale waliohukumiwa na chuma hicho wasipate nafasi ya pili. Mmoja ni Guy Lewis, aliyekuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Houston. Ndiye aliyempokea kijana mrefu kutoka Lagos, Nigeria, Hakeem Olajuwon, aliyekuja kuwa mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa dunia. Mapema zaidi, mwaka 1964, Lewis aliwaingiza wachezaji wa kwanza weusi katika timu ya chuo hicho, Elvin Hayes na Don Chaney, wakati ambapo vyuo vingi vya kusini mwa Marekani havikutaka hata kusikia jambo hilo. Aliifikisha Houston katika nusu fainali mara tano.

Lakini hakuwahi kutwaa kombe. Mwaka 1983, katika fainali, NC State iliyokuwa imekwisha kushindwa mara 10 msimu huo iliishinda Houston 54 kwa 52 katika sekunde ya mwisho kabisa. Mwaka 1984 Houston ikashindwa fainali tena, mara hii na Georgetown. Lewis alistaafu mwaka 1986, na akangoja hadi mwaka 2013, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 90, ndipo akaingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo. Alifariki mwaka 2015. Sidhani kuna mtu anayeweza kunieleza ni kitu gani kipya kilichogunduliwa juu yake kati ya 1986 na 2013. Kazi yake ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni subira ya wanaomhukumu.

Na tukizungumzia subira, mtazame John Wooden wa UCLA. Alitwaa ubingwa wa taifa mara 10 katika miaka 12, kati ya 1964 na 1975, saba kati ya hizo zikifuatana. Hakuna aliyemfikia. Lakini alianza kazi UCLA mwaka 1948! Kombe la kwanza lilikuja katika msimu wake wa 16. Mike Krzyzewski wa Duke naye, katika msimu wake wa pili na wa tatu, alishindwa mechi 17 kila msimu, na wafadhili wa chuo wakataka aondolewe. Mkuu wake wa michezo akakataa, akamwongezea mkataba. Alipostaafu mwaka 2022 alikuwa na mechi 1,202 alizoshinda na makombe matano ya taifa.

Dean Smith wa North Carolina ndiye aliyeonja machungu zaidi. Mwaka 1965, baada ya timu yake kushindwa ugenini, basi lilirudi chuoni usiku likakuta wanafunzi wametengeneza sanamu yake na kuitundika kwa kitanzi. Wanafunzi wa chuo chake mwenyewe! Alikaa miaka 36, akashinda mechi 879, akatwaa ubingwa mwaka 1982 na 1993. Leo uwanja wa chuo hicho unaitwa kwa jina lake. Mvumilivu hula mbivu, lakini ni lazima kwanza aachwe chini ya mti hadi embe liive.

SIFA ZA HARAKA

Usije ukadhani kwamba nawatetea makocha kwa lawama tu. Sifa nazo zinaweza kumwangamiza mtu zikija kwa usiku mmoja. Mwaka 2023 yale ya UMBC yalitokea mara ya pili. Chuo kidogo cha Fairleigh Dickinson cha New Jersey, chenye wachezaji wafupi kuliko timu zote za daraja hilo, kiliishinda Purdue, nambari 1, kwa 63 kwa 58. Purdue ilikuwa na Zach Edey, mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.2. Na jambo la kuchekesha ni kwamba Fairleigh Dickinson hata haikuwa bingwa wa ligi yake. Ilishindwa fainali ya ligi kwa pointi moja na Merrimack, ila Merrimack haikuruhusiwa kwenda kwa sababu ilikuwa bado katika muda wa kuhama kutoka daraja la chini.

Kocha wa Fairleigh Dickinson, Tobin Anderson, alikuwa katika msimu wake wa kwanza. Siku chache tu baada ya ushindi huo chuo cha Iona kikamchukua. Machi 2025, baada ya misimu miwili, Iona ikaachana naye. Sasa niambie, alipumbaa ghafla? La hasha. Kilichokosekana ni kipimo. Alichukuliwa kwa haraka kwa usiku mmoja, akaondolewa kwa haraka vilevile.

Na Purdue iliyoaibishwa? Kocha wake Matt Painter, yuleyule aliyeumizwa na mpira wa Diakite mwaka 2019, hakufukuzwa. Mwaka 2024 aliifikisha timu hiyo fainali, ingawa ilishindwa na Connecticut. Tena sikiliza hili, ucheke nalo. Kocha wa UMBC aliyewafedhehesha Virginia mwaka 2018 aliitwa Ryan Odom. Bennett alipoondoka Virginia kwa hiari yake mwaka 2024, chuo hicho kikatafuta mtu wa kudumu, na mwaka 2025 kikamchukua nani? Huyohuyo Odom! Lakini hawakumchukua kwa usiku ule. Kwa miaka hiyo yote alikuwa amefundisha vyuo vingine viwili, Utah State na VCU, na kuvifikisha vyote katika mashindano ya taifa. Walimtazama miaka saba.

MPIRA ULIOTOLEWA UPEPO

Kwa wewe mzazi, hata hivyo, naona kuna kipimo kingine kikubwa kuliko kombe. Hawa ni wanafunzi. Wameondoka nyumbani wakiwa na begi na barua ya chuo, na siku moja watarudi. Watarudi na nini?

Wamarekani walilazimika kuiwekea jambo hili hesabu. Tangu katikati ya miaka ya 2000, kila mchezaji anayefadhiliwa huiletea timu yake pointi mbili kila muhula: moja akiwa bado anafaulu masomo kiasi cha kuruhusiwa kucheza, na nyingine akiwa bado yumo chuoni. Pointi zilizopatikana hugawanywa kwa zile ambazo zingepatikana, halafu huzidishwa kwa 1,000. Baadaye ilipangwa kwamba timu isiyofikia wastani wa 930 kwa miaka minne inaweza kuzuiwa kucheza mashindano ya taifa.

Mwaka 2013 sheria hiyo ilimkamata mkubwa. Connecticut, waliokuwa mabingwa mwaka 2011, walifungiwa nje kwa sababu ya alama za darasani. Kocha mpya, Kevin Ollie, alikuwa ameukuta mzigo huo mlangoni, kwani kocha mkongwe alikuwa amestaafu mwaka 2012. Vijana waliobaki wakacheza msimu mzima wakijua hauna mwisho. Mwaka 2014 waliporuhusiwa kurudi, wakiwa nambari 7 katika kundi lao, wakatwaa ubingwa wa taifa kwa kuishinda Kentucky 60 kwa 54.

Kuna na kipimo kisicho na hesabu. John Thompson wa Georgetown, kocha mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa huo, aliweka ofisini mwake mpira wa vikapu uliotolewa upepo. Kila kijana aliyeingia aliuona. Siku moja upepo utaisha, alitaka kuwaambia, je, utabaki na nini mkononi? Katika fainali ya 1982, sekunde za mwisho, mchezaji wake Fred Brown alichanganyikiwa akampa mpira mpinzani, na Georgetown ikapoteza kombe kwa pointi moja, 63 kwa 62. Mbele ya macho ya taifa zima Thompson alimwendea kijana huyo, akamkumbatia. Miaka miwili baadaye, 1984, Georgetown ilipotwaa kombe, Brown alikuwa bado yumo kikosini, wakakumbatiana tena.

Msomaji, mimi nikiulizwa ni usiku upi uliomwonyesha Thompson kuwa kocha, nitaonyesha ule wa 1982.

MTU WA TANO

Nimalizie kwa mchezo tunaoujua sisi wenyewe. Vyuo vya Marekani vina pia ubingwa wa mbio za nyika, na vijana wetu wameufahamu kwa miaka mingi. Timu huwa na wakimbiaji saba. Watano wa kwanza kufika huhesabiwa nafasi zao, zikajumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo bingwa. Wa sita na wa saba hawaongezi kitu, ila wakiwapita wapinzani huwasukuma chini.

Marehemu Henry Rono wetu, akiwa Washington State, alishinda mbio hizo mwaka 1976, 1977 na 1979. Ni yuleyule aliyevunja rekodi nne za dunia katika siku 81 mwaka 1978. Lakini katika miaka hiyo mitatu aliyoshinda, kombe la timu halikwenda Washington State hata mara moja. Mwaka 1976 na 1979 lilikwenda UTEP ya Texas, chuo alichosomea Mtanzania Suleiman Nyambui, na mwaka 1977 likaenda Oregon. Edward Cheserek naye, Mkenya mwingine, alishinda mara tatu mfululizo akiwa Oregon, 2013 hadi 2015. Kombe la timu likaenda Colorado mara mbili na Syracuse mara moja.

Wa kwanza tunamwona sote kwa sababu anakata utepe. Lakini timu hupimwa kwa mtu wa tano, yule anayefika akihema huku wapiga picha wamekwisha kufunga kamera zao. Na kocha ni yule aliyemfanya mtu wa tano apunguze nafasi ishirini kati ya Septemba na Novemba.

MASWALI YA KUULIZA

Basi, safari nyingine timu ya mwanao ikishindwa, kabla hujajiunga na wanaodai kocha aende, jiulize haya. Alicheza na nani, na wapi? Vijana wake wa mwisho wanaendelea au wamesahauliwa benchi? Wangapi waliokuwa kikosini miaka minne iliyopita wamemaliza masomo? Na aliyekosea siku ya fainali, kocha alimfanyia nini?

Nawe mwanafunzi unayechezea chuo chako, ukikosa mtupo wa mwisho, usikubali usiku huo uandikwe kuwa jina lako. Virginia walilala na aibu yao siku 388, kisha wakaamka mabingwa. Kuteleza si kuanguka, na asiyekubali kushindwa si mshindani.

Lakini ukikuta kocha ambaye vijana wanamwogopa, hawahitimu, na wa tano hata jina lake halijui, basi hata akiwa na kabati limejaa makombe, mlete mwanao nyumbani.